Pikapu kuukuu na sailensi kubwa: tafuta hewa kabla ya kugusa skrubu

Katika miji inayolizunguka Ziwa Tanganyika, kuanzia Kigoma nchini Tanzania hadi Uvira na Kalemie nchini Kongo, pikapu za Toyota Hilux zilizotengenezwa miaka ya 1980 na 1990 bado zinabeba samaki, saruji, mihogo na abiria. Miongoni mwa maradhi yanayozisumbua zile zenye injini ya petroli ni injini kuendelea kunguruma kwa nguvu hata baada ya dereva kuondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta. Mafundi wa Tanzania huyaita maradhi hayo sailensi kubwa.

Tiba inayotolewa haraka gereji ni kukaza au kulegeza skrubu ya sailensi mpaka mngurumo utulie. Wakati mwingine gari hutulia kwa siku kadhaa, kisha tatizo hurudi, au injini huanza kuzimika asubuhi ikiwa baridi. Sababu ni kwamba skrubu hiyo hurekebisha kiasi cha hewa kinachokusudiwa kuingia. Haiwezi kuziba tundu ambalo halikukusudiwa kuwapo.

Madhara yake

Injini ya petroli ya Hilux ya miaka hiyo, ile ya aina ya 22R yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,366, hupaswa kuzunguka takriban mara 750 kwa dakika ikiwa imepata moto na gari limesimama. Ikiwa inazunguka mara 1,500 au 2,000, mafuta yanaungua bila kazi yoyote. Kwa mwenye gari anayepanga foleni ya saa nyingi kituoni ili apate lita chache, hiyo ni hasara ya kila siku.

Hasara kubwa zaidi ni ya usalama. Dereva anayeteremka mlima akiwa na mzigo hutegemea injini imsaidie kulizuia gari anapoachia mafuta na kushika gia ndogo. Injini yenye sailensi kubwa hufanya kinyume, kwa kuwa hulisukuma gari mbele. Dereva hulazimika kukanyaga breki muda wote, nazo zikipata moto kupita kiasi hupoteza nguvu. Katika miteremko kama ile ya Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, au ile inayoshuka kutoka Bugarama kwenda Bujumbura, jambo hilo linaweza kugharimu maisha.

Namna injini inavyopumua

Dereva anapokanyaga pedeli, kwa hakika hafungui mafuta bali hufungua hewa. Kebo huvuta bamba dogo la mviringo lililo kwenye mlango wa injini, hewa huingia, na mafuta hufuata kwa kipimo cha hewa hiyo. Mguu ukiondolewa, bamba hujifunga na, katika pikapu zenye injekta, huacha njia nyembamba tu ya pembeni, ambayo ndiyo inayosimamiwa na skrubu ya sailensi. Kwa hiyo injini inayozunguka kwa kasi bila kukanyagwa ni injini inayopata hewa kupitia mahali pengine. Swali la fundi ni moja: hewa hiyo inapitia wapi?

Sauti ya injini hutoa dalili ya kwanza. Katika pikapu zenye injekta, yaani zile za 22R-E, hewa hupimwa kabla ya kufika kwenye bamba. Hewa iliyopimwa hupewa mafuta yanayolingana nayo, hivyo injini hunguruma kwa kasi lakini kwa ulaini. Hapo mtuhumiwa ni bamba lisilofunga vizuri au njia ya pembeni iliyobaki wazi. Hewa inayojipenyeza baada ya kipimo, kwa mfano kupitia mpira uliopasuka, haina mafuta yake, na mara nyingi injini hutetemeka au kukosa. Mngurumo ukipanda na kushuka kama anayehema, mara nyingi maana yake ni kwamba bamba limefunga, lakini hewa nyingi inaingia kwingine, na kompyuta ya gari inakata mafuta na kuyarudisha kila mara.

Yasiyogharimu kitu yatangulie

Uchunguzi hufanyika mahali palipo wazi, kwa kuwa moshi wa gari ndani ya banda huua. Breki ya mkono ivutwe, gia iwe huru, na nguo zinazoning'inia ziwekwe mbali na feni na mikanda. Kipoza hewa kizimwe, maana katika magari mengi kikiwashwa huongeza mizunguko kwa makusudi.

Hatua ya kwanza ni kebo ya mafuta. Injini ikiwa imezimwa, kebo inapaswa kuwa na ulegevu kidogo. Ikiwa imekazwa mno, imechakaa ndani ya ganda lake, au zulia la sakafuni limekandamiza pedeli, bamba halitafunga. Fundi hulisukuma bamba kwa kidole upande wa kufunga injini ikiwa inanguruma, na mizunguko ikishuka tatizo limepatikana. Masizi yaliyoganda kuzunguka bamba hulizuia vilevile, na husafishwa kwa kitambaa na dawa ya kusafishia kabureta, injini ikiwa imezimwa na imepoa.

Hatua ya pili ni maji ya rejeta, na hapa ndipo wengi hupotea. Injini ya 22R-E ina vali ya hewa ya ziada chini ya mlango wa hewa. Ndani yake mna nta. Asubuhi nta ikiwa baridi, vali hubaki wazi na injini huzunguka haraka ili ipate moto. Maji ya injini yakipita hapo yakiwa ya moto, nta hutanuka na kuifunga vali. Maji yakipungua, au hewa ikinaswa kwenye mirija, nta haipati joto. Vali hubaki wazi kutwa nzima, na injini huendelea kudhani kwamba ni alfajiri. Themostati iliyokwama ikiwa wazi, au iliyoondolewa kabisa kama wafanyavyo baadhi ya madereva kwa kuhofia joto, yaweza kuleta matokeo hayohayo.

Kwa hiyo rejeta ikaguliwe na kujazwa injini ikiwa imepoa kabisa. Kifuniko kisifunguliwe kamwe ikiwa moto, kwani maji yaliyo chini ya shinikizo huruka na kuunguza uso. Tatizo likibaki, fundi huziba kwa muda njia ya hewa ya vali hiyo. Injini ikiwa baridi, mizunguko inapaswa kushuka. Ikiwa imepata moto, haipaswi kushuka kwa zaidi ya 100 hivi. Ikishuka zaidi ya hapo, vali imekwama.

Katika pikapu za kabureta, kazi ya kuongeza mizunguko asubuhi hufanywa na choki. Choki iliyokwama, au ambayo kebo yake hairudi, huleta sailensi kubwa ya namna hiyohiyo.

Mipira ya hewa na breki

Hatua ya tatu ni mipira midogo inayounganishwa na manifoldi ya kuingizia hewa. Mpira wa miaka 30 hukauka na kupasuka penye kona. Fundi huibana mmoja baada ya mwingine kwa koleo lililofungwa kitambaa. Ule ambao ukibanwa mizunguko hushuka ndio unaoelekea kwenye tundu. Wapo wanaopuliza petroli kwenye maungio ili wasikilize injini ikibadilika. Ni njia ya hatari, kwa kuwa cheche moja hutosha kuwasha gari zima. Maji kidogo kutoka kwenye chupa ya kunyunyizia, yakielekezwa kwenye gasketi na mipira na kuwekwa mbali na nyaya za pluga, mara nyingi hutoa jibu.

Mpira mnene unaokwenda kwenye busta ya breki uchunguzwe kwa makini kuliko yote. Mizunguko ikibadilika breki inapokanyagwa, pedeli ikiwa ngumu kuliko kawaida, au sauti ya hewa ikisikika karibu na miguu ya dereva, yawezekana busta inavuja. Gari hilo lisibebe mzigo wala abiria mpaka litengenezwe.

Zamu ya skrubu

Baada ya hayo yote ndipo skrubu ya sailensi hutumika, na katika pikapu zenye injekta kwanza hutumika kama kipimo. Fundi huikaza polepole hadi mwisho huku akihesabu mizunguko yake, ili aweze kuirudisha ilipokuwa. Injini yenye afya hulegea sana au huzimika. Ikiendelea kunguruma kwa mizunguko 1,500, hewa bado inaingia kwingine na uchunguzi urudi nyuma. Skrubu nyingine ya pikapu hizo zenye injekta, ile inayoshikilia bamba lisifunge hadi kugusa ukuta, iliwekwa kiwandani na haipaswi kuguswa. Majira ya moto wa pluga yakaguliwe pia, maana moto unaotangulia mno hupandisha mizunguko.

Pikapu za dizeli hazimo katika maelezo haya, kwa kuwa sailensi yake husimamiwa na pampu ya mafuta.

Kwa mwenye gari anayepelekwa dukani kununua sensa au kabureta nyingine, yapo maswali matatu ya kumwuliza fundi kabla ya kutoa fedha: je, maji ya rejeta yamekaguliwa, kebo ina ulegevu, na mipira imebanwa mmoja mmoja? Majibu yote matatu hupatikana kwa muda usiozidi saa moja, bila kununua kifaa chochote.