Vumbi la Vurra Lisitushinde
Ndugu askari, barabara ya Vurra hadi Oraba, kupitia Arua na Koboko, siku hizi ni ya lami. Lakini njia nyingi za vijijini zingali za udongo mwekundu. Vumbi lake lina chembe za mchanga. Tukilipangusa kwa kitambaa kikavu, tunaikwaruza rangi kwa mikono yetu wenyewe. Hatuna budi kulimwagia gari maji kwanza, tangu paa hadi magurudumu, ndipo tupitishe sifongo na sabuni ya magari. Sabuni ya kufulia huondoa nta inayoilinda rangi. Tuoshe kivulini, bodi ikiwa imepoa. Gari la familia ni akiba ya miaka mingi ya mshahara. Likichakaa, siku ya kuliuza watoto wetu ndio watakaopunjika. Askari hangoji ukaguzi ndipo asafishe bunduki. Na gari vivyo hivyo.