Gemu za Pikipiki na Barabara za Singida

Mchezo wa kompyuta au wa simu unaohusu pikipiki, ambao vijana huuita gemu, kwa kawaida husifiwa kwa ung'avu wa picha zake na wingi wa pikipiki zilizomo, ilhali kipimo kinachofaa zaidi ni kile kitendo ambacho mchezo humlipa mchezaji alama anapokifanya, kwa sababu kitendo chenye malipo ndicho hurudiwa mpaka mkono ukakizoea. Katika Mkoa wa Singida, ambako bodaboda hubeba abiria na mizigo kutoka mjini hadi vijiji vya wilaya za Ikungi, Iramba na Mkalama, na ambako kijana anayecheza gemu kijiweni akisubiri abiria ndiye huyo huyo atakayeshika usukani wa kweli baada ya dakika chache, kipimo hicho kinastahili kuchukuliwa kwa uzito.

Michezo hii ni ya siku nyingi. Mwaka 1984 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Excitebike, mchezo wa kuruka matuta ambamo mchezaji aliyeng'ang'ania kasi ya juu alichemsha injini na kulazimika kusimama mpaka ipoe. Mwaka uliofuata Sega ikatoa Hang-On, iliyobuniwa na Yu Suzuki, ambayo katika umbo lake maarufu mchezaji alipanda mfano wa pikipiki na kuulaza kwa uzito wa mwili wake ili kukata kona. Road Rash, iliyotolewa na Electronic Arts mwaka 1991, ilijaa ngumi na marungu, jambo lisilofaa kuigwa na yeyote, lakini hata humo aliyekamatwa na polisi alitozwa faini na aliyeiharibu pikipiki alilipia matengenezo. Michezo hiyo yenye picha hafifu ilikwisha kutambua kwamba mwendo una gharama, na inasikitisha kwamba sehemu kubwa ya michezo ya simu ya leo imeliacha somo hilo.

Mfano wa wazi ni Traffic Rider, kazi ya Soner Kara wa Uturuki. Ubora wake si wa kubeza: mchezaji huiona barabara kutoka mahali pa dereva, juu ya usukani na saa ya mwendo, milio ya injini ilirekodiwa kutoka kwa pikipiki halisi, na mchezo wenyewe hauhitaji mashine ya gharama kubwa. Hata hivyo, utaratibu wake wa alama unakwenda kinyume na usalama wa barabarani, kwa kuwa mchezaji anayezidi kilometa 100 kwa saa na kuyapita magari kwa kuyakaribia mno huongezewa alama na fedha za mchezo, na huongezewa tena akiendesha upande wa magari yanayomjia au akinyanyua tairi la mbele. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka ukomo wa kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na sababu yake inaeleweka kwa hesabu fupi: kwa kilometa 100 kwa saa pikipiki hukata mita 28 hivi kila sekunde, kwa hiyo dereva anayehitaji sekunde moja tu kuitambua hatari huwa amekwisha kuumaliza umbali huo kabla mkono wake haujagusa breki.

Kasoro nyingine imo katika namna pikipiki inavyoongozwa. Pikipiki iliyo katika mwendo hulazwa kwa kusukuma usukani kinyume, maana yake ni kwamba dereva anayetaka kwenda kushoto husukuma kidogo mkono wa kushoto wa usukani mbele, gurudumu huelekea kulia kwa nukta moja, kisha chombo chote hulalia kushoto na kuifuata kona. Katika michezo mingi ya simu mchezaji huinamisha simu upande anaotaka kwenda, basi, na breki ni kitufe kimoja, ilhali pikipiki halisi ina breki mbili ambazo dereva hugawanya nguvu baina yake: ya mbele hubeba kazi kubwa kwenye lami kavu, kwa sababu uzito husogea mbele chombo kinapopunguza mwendo, lakini ikikamatwa ghafla kwenye mchanga au changarawe gurudumu hugoma kuzunguka na dereva huanguka. Michezo ya kiwango cha juu, kama mfululizo wa MotoGP unaotengenezwa na Milestone ya Italia, humruhusu mchezaji kutenganisha breki hizo na kubadili gia mwenyewe, na kwa hilo inastahili sifa kamili, ingawa huishia kwenye viwanja vya mashindano visivyo na punda, shimo wala mtoto anayevuka barabara.

Singida ina mambo yake ambayo mchezo wowote ungepata shida kuyaonyesha. Kubwa kuliko yote ni upepo, ule ule unaoufanya mkoa huu utajwe kila inapozungumzwa miradi ya kufua umeme wa upepo nchini. Barabara inayotoka Manyoni kupita Singida mjini kuelekea Shelui hupitisha malori ya mizigo yaendayo Rwanda, Burundi na Congo, na bodaboda anayelipita lori refu hukingwa na upepo kwa muda wote anaokuwa ubavuni mwake, kisha anapotokeza mbele hupigwa na upepo wa pembeni kwa mkupuo mmoja na kusukumwa kuelekea upande mwingine wa barabara. Ikiwa nyuma amefunga matenga ya kuku wa kienyeji, biashara inayojulikana sana mkoani, hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa tenga pana hushika upepo, na uzito uliokaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma hulipunguzia gurudumu la mbele mgandamizo linaouhitaji ili kushika barabara. Kwenye mteremko wa Sekenke, ulio katika barabara hiyo hiyo, dereva huyo huyo hulazimika kushusha gia ili injini yenyewe izuie mwendo na breki zisipate joto kupita kiasi, stadi ambayo kwenye michezo ya simu haina kazi yoyote kwa sababu breki zake hazichoki.

Hayo hayamaanishi kwamba mchezo hauwezi kufundisha. Honda ya Japani imekuwa ikitengeneza simuleta, yaani mitambo inayoiga uendeshaji bila kuingia barabarani, kwa ajili ya mafunzo ya udereva tangu miaka ya 1990, na katika mitambo hiyo mwanafunzi huonyeshwa upya safari yake ili aone hatari aliyoipuuza. Vijana wa Kitanzania wanaosomea utengenezaji wa programu, wakishirikiana na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) na Kikosi cha Usalama Barabarani, wana uwezo wa kutengeneza mchezo wa simu unaomlipa mchezaji kwa kumfikisha abiria salama, kumkatalia abiria wa pili na kupunguza mwendo mbele ya ng'ombe. Kazi hiyo ianze sasa, tena ianze na kilometa chache tu za Sekenke, zenye upepo, mzigo na lori mbele.