Mzazi, Soma Ripoti ya Mwanao Hadi Chini

Ndugu mzazi, muhula umekwisha na mtoto amerejea nyumbani na ripoti yake mkononi. Wewe umetoka kazini, umechoka. Unaifungua, na macho yako yanakwenda moja kwa moja mahali palipoandikwa: nafasi ya 31 kati ya 48. Papo hapo uso unakunjamana, sauti inapanda, na karatasi inatupwa mezani. Hukumu imekwisha kutolewa, na mshitakiwa hajaulizwa hata neno moja.

Yafaa tujiulize: je, hukumu hiyo ni ya haki?

Tuchukue mfano wa ndugu wawili walio katika shule ya sekondari, dada na mdogo wake wa kiume. Katika hisabati, dada alipata 92 muhula uliopita. Safari hii amepata 76. Mdogo wake alikuwa na 12; safari hii amepata 29. Kwa viwango vya sasa vya mtihani wa kidato cha nne, A huanzia alama 75, na chini ya 30 ni F. Shule ikivitumia viwango hivyo, dada alikuwa na A na bado ana A. Mdogo wake alikuwa na F na bado ana F. Ukitazama herufi, utasema hakuna kilichobadilika.

Lakini kimebadilika kikubwa. Dada amepoteza alama 16. Mdogo wake ameongeza 17, yaani amepata zaidi ya mara mbili ya alizokuwa nazo. Hata hivyo, aghalabu jioni hiyo dada atapongezwa na mdogo wake atafokewa. Anayelegea atajifunza kwamba kulegea hakuna madhara, na anayejitahidi atajifunza kwamba bidii haina faida. Mafunzo yote mawili ni ya uongo, na mwalimu wake ni wewe mzazi.

ALAMA ZA HURUMA

Hapo wako watakaosema: basi mwalimu amwongezee yule kijana alama chache kwa sababu ya bidii yake. Shauri hili linatoka katika moyo mwema, lakini halifai.

Alama ya somo ni kama mizani ya dukani. Muuza sukari hakuongezei uzito kwenye mizani kwa sababu umetembea mbali kumfikia. Ukiwa huna fedha ya kutosha, atakukopesha au atakupa nyongeza, lakini mizani itasema kweli. Kijana mwenye 29 akiandikiwa 45, atapanda darasa akidhani anajua asichokijua. Kesho atakuwa fundi wa umeme au muuguzi anayepima dawa, na hapo hakuna wa kumwongezea alama. Aliyedanganywa kwa huruma ndiye atakayeumia kwanza.

Tena, bidii si rahisi kupimwa kwa macho. Mtoto anayesinzia darasani huenda ameamka alfajiri kuteka maji, au amemsaidia mama kukaanga vitumbua vya kuuza. Anayemaliza zoezi upesi na kukaa kimya huenda akaonekana mvivu, kumbe zoezi lenyewe ni jepesi mno kwake. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani hawezi kuyajua yote hayo, na akitia makisio yake ndani ya alama ya hisabati, alama hiyo haitakuwa tena ya hisabati.

SUALA LA ZAMANI

Taifa letu limelitafakari jambo hili kwa miaka mingi. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alionya kwamba mitihani ilipima uwezo wa kukariri na kuyatoa yaliyokaririwa kwa muda uliowekwa, wala haikupima tabia ya mtu wala moyo wake wa kutumikia wenzake. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma, iliazimia kwamba mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee. Tokea mwaka 1976, maendeleo ya kila siku ya mwanafunzi wa sekondari, pamoja na kazi na tabia yake, yakaanza kuhesabiwa.

Nia ilikuwa njema: jasho la miaka minne lisihukumiwe kwa saa tatu za mtihani. Ugumu ulikuwa katika utekelezaji. Mazoezi ya hesabu yanaweza kusahihishwa. Lakini heshima au ari ya mtoto utaiandikaje kwa tarakimu? Walimu wawili waadilifu wanaweza kumtazama mtoto yule yule na kumpa alama mbili tofauti.

Kuhusu nafasi darasani, tukumbuke kwamba nafasi hutegemea walioketi karibu na mtoto. Wa tatu katika darasa dhaifu anaweza kuwa wa ishirini katika darasa hodari, naye ni mtoto yule yule. Mwaka 2023, Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, liliacha desturi ya kutaja wanafunzi na shule zilizoongoza. Nasi majumbani tungeweza kupunguza mashindano hayo.

UFANYEJE?

Kwanza, soma ripoti hadi chini. Ripoti za shule zetu nyingi zina sehemu ya tabia, ambamo mwalimu hutathmini bidii ya kazi, utunzaji wa kazi, ushirikiano, heshima na uaminifu. Hapo ndipo bidii inapostahili kuandikwa, mbali na alama ya somo, ili kila moja iseme kweli yake. Wazazi wengi huiruka.

Pili, tunza ripoti za zamani. Mlinganishe mtoto na alivyokuwa jana, si na dada yake wala na mtoto wa jirani.

Tatu, nenda shuleni umwulize mwalimu mambo mawili: mwanangu amekwama wapi hasa, na nyumbani tumsaidieje? Huenda dawa ni saa moja ya kusoma bila kutumwa sokoni.

Nne, mwenye kipaji asiachwe alale juu ya A yake. Apewe kazi ngumu zaidi, aonje naye jasho ambalo mdogo wake analijua.

Basi usiku huu, kabla hujaitupa ile karatasi mezani, mwite yule mwenye 29. Mwambie ukweli wote: kwamba bado hajafaulu, na kwamba umeziona zile alama 17. Asifichwe la kwanza, wala asinyimwe la pili.