Injini Ivutayo Hewa Yenyewe: Nguvu Zake Hutoka Wapi?

Mwanafunzi akiketi gereji jioni moja hatakosa kumsikia mwenye gari akimwambia fundi: "Injini imechoka, uifungue, na ukiweza uiongezee nguvu." Ombi hilo ni la kawaida, lakini lina swali la fizikia ndani yake. Nguvu hiyo ya ziada itatoka wapi? Wengi watataja petroli. Jibu lililo karibu zaidi na ukweli ni hewa.

Hebu tuchukue injini inayojulikana sana katika nchi zetu, ile ya Peugeot 504. Gari hili lilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1975 Ove Andersson alilishindia mbio za Safari. Injini yake ya lita mbili ina silinda nne. Kila silinda ina kipenyo cha milimita 88, na pistoni husafiri milimita 81. Msomaji aweza kukokotoa mwenyewe kwamba ujazo wote ni sentimita za ujazo 1,971. Haina pampu ya kusukumia hewa: pistoni inaposhuka, ni uzito wa angahewa tu unaoijaza silinda. Ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, kila silinda hujazwa mara 2,500. Kama ingejaa barabara, injini ingemeza lita 4,900 za hewa kwa dakika, yaani karibu kilo 5.9 pwani. Petroli huhitaji hewa yenye uzito wa mara 14.7 ya uzito wake ili iungue sawasawa. Kwa hiyo petroli inayoweza kuungua vizuri katika dakika hiyo haizidi gramu 400. Kumwaga zaidi ni rahisi, lakini hutoa moshi mweusi tu.

Fundi, basi, ana njia chache. Aweza kupanua silinda, ila faida yake ni ndogo: katika 504 silinda ni slivu zinazochomolewa, na hata tukipata seti yenye kipenyo cha milimita 89, ujazo utaongezeka kwa asilimia 2 na kitu. Aweza kuifanya injini izunguke kwa kasi zaidi. Hapo yafaa tahadhari, maana kani inayovuta pistoni huongezeka kwa mraba wa kasi. Kwa mizunguko 5,000, pistoni ya nusu kilo huvutwa na kani inayopita uzito wa nusu tani, tena katika kila mzunguko. Kwa mizunguko 6,000 kani hiyo huzidi kwa asilimia 44. Konrodi iliyokwisha kufanya kazi miaka arobaini haipaswi kudaiwa hayo.

Njia inayowavutia wengi ni kuongeza uwiano wa mgandamizo, na ndiyo iliyonivutia mimi.

Gari langu ni 504 nililorithi kwa marehemu baba. Nililipeleka kwa fundi mmoja mzee mjini Arusha, wakati wa likizo ndefu ya chuo. Tulipima chemba kwa kumimina mafuta mepesi kutoka bureti ya maabara, tukapata uwiano wa 8.5. Arusha iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa huko ni karibu kilopaskali 86, ilhali pwani ni 101. Nikapiga hesabu. Kanieneo mwishoni mwa mgandamizo hukadiriwa kwa kuzidisha kanieneo ya mwanzo na uwiano uliopandishwa kipeo cha 1.3. Uwiano wa 8.5 pwani hutoa takriban kilopaskali 1,640. Uwiano wa 9.7 Arusha hutoa 1,650. Nikaona kwamba injini ya Arusha yaweza kubanwa hadi 9.7 bila kuteseka kuliko ile ya pwani. Chemba ilipaswa kupungua kutoka sentimita za ujazo 65.7 hadi 56.6, yaani kuchonga uso wa silinda hedi kwa milimita 1.5.

Mzee alinisikiliza, akauliza: "Mwalimu, gari hili halitateremka Dar?"

"Halitateremka, mzee. Litakaa hapa."

Akachonga. Na kwa kweli gari lilichangamka. Hesabu ya nadharia huonyesha faida isiyofika asilimia 4, nami nikajidanganya kwamba naona zaidi.

Miezi miwili baadaye shangazi yangu alifariki Dar es Salaam. Tuliondoka alfajiri watu wanne, tukitumaini kuwahi maziko ya alasiri. Tulipopita Korogwe, katika kilima kifupi, nikasikia mlio kama wa changarawe katika kopo la bati. Nilijua ni nini. Nimeufundisha mlio huo darasani. Kule chini injini ile ya 9.7 ilikuwa inabana hewa hadi kilopaskali 1,940, karibu moja ya tano zaidi ya ilivyozoea, na siku ilikuwa ya joto. Lakini saa zilikuwa zinakwenda, nikaendelea kukanyaga mafuta.

Mlio huo una maana hii. Mwako mwema huanzia kwenye plagi na kuenea kama moto wa nyasi. Mgandamizo na joto vikizidi, mchanganyiko ulio pembeni, ambao moto haujaufikia, hujiwasha wenyewe wote kwa mpigo. Mawimbi ya kanieneo yanayotokea huondoa utando mwembamba wa gesi unaoikinga pistoni na joto. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, na gesi inayoungua huzidi nyuzi 2,000. Baada ya Segera moshi ulijaa barabarani, nguvu ikaisha. Pistoni ya tatu ilikuwa imetoboka. Maziko yalifanyika tusiwepo.

Linalonikera hadi leo ni kwamba Korogwe ningeweza kusimama, kulegeza bolti moja ya distribyuta na kuchelewesha cheche kwa nyuzi chache. Ni kazi ya dakika kumi. Baada ya hapo ningeendesha taratibu, na huenda tungefika.

Gari lilirudishwa Arusha juu ya lori. Mzee hakuniuliza neno. Safari hii tulitafuta silinda hedi isiyochongwa sana, tukaridhika na uwiano wa 8.8, tukaelekeza juhudi mahali ambapo naamini tungeanzia: kuisaidia injini kupumua. Mzee alisawazisha njia za hewa pale zinapokutana na gasketi, kwani kingo za milimita mbili huvuruga mkondo wote. Viti vya valvu alivikata kwa pembe tatu, ili hewa ipinde bila kujikwaa. Eksozi iliyokuwa imebonyea tuliitupa. Kemshafti ya mashindano niliikataa: hiyo huchelewa kufunga valvu ya kuingiza, ikitumia mwendo wa hewa yenyewe kujaza silinda katika kasi kubwa, lakini katika kasi ndogo huirudisha hewa ilikotoka, nami sikimbii Safari.

Viti vyenyewe tuliweka vya chuma kigumu. Risasi ambayo Thomas Midgley aligundua mwaka 1921 kuwa hutuliza mlio ule, ilikuwa pia ikilinda viti laini visiliwe. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiondoa katika petroli kufikia mwanzo wa 2006, kwa sababu njema za afya ya watoto, na anayejenga upya injini ya zamani lazima alikumbuke hilo.

Mwezi uliofuata nililipandisha gari kutoka Mombo hadi Lushoto. Lilikwenda kwa gia ya tatu mahali pengi ambapo zamani nilirudi ya pili. Karibu na juu, kwenye mita zile zile 1,400, nilirudi ya pili kama kawaida.