Englebert ya 1968 na Mazembe ya 2010: nani angeshinda?

Ni ugomvi usioisha. Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Manono, na hapa kwetu Kalemie, wazee na vijana wakikaa pamoja jioni, wanaanza na mshahara, wanaingia kwenye bei ya unga, kisha sherti wafike kwenye mpira. Ile Englebert ya zamani na hii Mazembe ya juzi, zikikutana, nani angempiga mwenzake?

"Bale batoto ya leo ni mbio tu," muzee anasema. "Kalala angewatia tatu mbele ya mapumziko."

"Muzee, na heshima yote," kijana anajibu, "ile wakati yenu hapakukuwa hata kadi nyekundu!"

Hapo sauti zinapanda, na mama wa nyumba anaomba watu wapunguze makelele, watoto wamelala.

Siye wa sendika tumeusikia ugomvi huu mara mingi. Safari hii tumeamua kuupigia hesabu, juu ya sababu mbili. Ya kwanza, unapendeza. Ya pili, unafanana sana na ugomvi mwingine tulio nao kazini, na tutaufikia chini.

Kwanza, tujue tunalinganisha nani na nani. Klabu ni moja. Ilianzishwa Lubumbashi mwaka 1939, wakati mji ukiitwa bado Elisabethville, na mapadri Wabenedikto. Baadaye ikachukua jina la Englebert, lililokuwa jina la mipira ya gari. Mwaka 1967 ikapata kombe la Afrika, na mwaka 1968 ikalipata tena: ekipi ya kwanza kabisa kulinda kombe hilo. Kipa alikuwa Kazadi. Mbele alikuwako Pierre Kalala, yule aliyefunga goli moja la finali Addis-Abeba mwaka 1968, tulipoipiga Ghana na kuchukua kombe la mataifa.

Upande wa pili ni Mazembe ya 2009 na 2010, nayo makombe mawili mfululizo. Kidiaba golini, yule aliyeshangilia kwa kurukaruka na makalio chini. Mwaka 2009 Trésor Mputu alikuwa kapteni. Mwaka 2010 Mputu alikuwa na adhabu, hakucheza finali, na bado kombe likaja. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka huo, kule Abu Dhabi, Mazembe ikaitoa Pachuca ya Mexico 1-0, ikaitoa Internacional ya Brazil 2-0, ikawa ekipi ya kwanza ya Afrika kucheza finali ya dunia ya vilabu. Inter Milan ikatupiga 3-0, lakini dunia ilikuwa imekwisha kutujua.

Kupiganisha watu wa nyakati mbili si jambo jipya. Wamarekani wanaupenda mchezo huu sana. Wanachukua ekipi kubwa za mpira wao ule wa kubeba mikononi, za miaka ya 1960 na za miaka ya 2000, wanaingiza hesabu zao ndani ya kompyuta, na kompyuta inatoa matokeo. Walianza zamani, hata kwa ngumi. Mwaka 1969 mtu wa Miami, Murray Woroner, aliwapiganisha Muhammad Ali na Rocky Marciano. Marciano alikuwa ameacha ngumi tangu 1956, bila kupigwa hata mara moja katika mapigano 49. Ali alikuwa amenyang'anywa taji kwa kukataa kwenda vita ya Vietnam. Wote wawili wakaingia ulingoni mbele ya kamera, wakacheza mwisho wa namna mbalimbali, na kompyuta ikasemekana ndiyo imechagua. Marciano akafa kwa ajali ya ndege mbele filamu haijatoka. Mwanzo wa 1970 watu wa Marekani wakaona Marciano anamwangusha Ali katika raundi ya 13. Lakini Ulaya watu walioneshwa mwisho mwingine: Ali ndiye aliyeshinda.

Kompyuta moja, pigano moja, washindi wawili. Tuweke hilo kichwani. Ali mwenyewe, kila mtu wa Kongo anajua alichokuja kufanya Kinshasa tarehe 30 mwezi wa kumi 1974, na pale hapakuwa kompyuta.

Sasa hesabu yetu. Tunachukua finali tu. Englebert, finali ya 1967 na Asante Kotoko ya Ghana: 1-1 kule Kumasi, 2-2 nyumbani. Finali ya 1968 na Étoile Filante ya Lomé: 5-0 nyumbani, kisha wakapigwa 4-1 kule Togo. Jumla kwa mechi nne: wamefunga 9, wamefungwa 7.

Mazembe, finali ya 2009 na Heartland ya Nigeria: wakapigwa 2-1 kule, wakashinda 1-0 Lubumbashi. Finali ya 2010 na Espérance ya Tunis: 5-0 Lubumbashi, 1-1 kule Tunisia. Jumla: wamefunga 8, wamefungwa 3.

Gawanya kwa nne. Englebert inafunga 2,25 kila mechi, inafungwa 1,75. Mazembe inafunga 2, inafungwa 0,75. Kujua Englebert ingefunga ngapi mbele ya Mazembe, tunachukua kile Englebert inachofunga na kile Mazembe inachofungwa, tunatafuta katikati: 1,5. Kwa Mazembe tunafanya vilevile: inakuja karibu 1,9.

Mtoto yeyote wa nyumba anaweza kuichezesha mechi hiyo kwa maharagi. Mfuko wa kwanza, wa Englebert, tia maharagi 20: meupe 17, mekundu 3. Mfuko wa pili, wa Mazembe, tia 16: meupe 13, mekundu 3. Gawa mechi katika vipande kumi vya dakika tisa. Kila kipande, toa haragi moja katika kila mfuko bila kuangalia. Jekundu ni goli. Rudisha haragi, tikisa, endelea. Kisha mara kumi, umepata matokeo. Ukirudia hivyo mara mingi sana, katika kila mechi 100 Mazembe itashinda kama 47, Englebert kama 30, na 23 hivi zitakuwa sare.

Vijana watafurahi. Lakini muzee ana haki ya kusema kitu, na tunamsikiliza: "Ile mechi ya Lomé msiihesabu. Tulikuwa na 5-0 mfukoni. Nani anaenda kujiua kisha kushinda 5-0?"

Sawa, tunaitoa. Englebert inabaki na mechi tatu: imefunga 8, imefungwa 3. Tukipiga hesabu upya, Englebert inapata 1,7 na Mazembe 1,5. Muzee ameshinda! Mechi moja tu imetolewa, mshindi amegeuka.

Kijana naye hakubali: "Basi na mechi yetu ya Tunisia itoke, hata siye tulikuwa na 5-0 mfukoni." Ni haki yake. Tunaitoa. Mazembe inabaki imefunga 7, imefungwa 2. Pigeni wenyewe hesabu hiyo nyumbani: Englebert 1,67, Mazembe 1,67. Sawasawa kabisa, hakuna hata nukta moja mbele.

Kuna jambo lingine kubwa kuliko hilo, nalo ni sheria. Mwaka 1967, kisha zile 1-1 na 2-2, ilitakiwa mechi ya tatu. Kotoko hawakufika uwanjani, kombe likabaki kwa Englebert. Mwaka 2009, Mazembe na Heartland walikuwa 2-2 kwa jumla, lakini goli la ugenini lilihesabiwa kuwa na uzito zaidi. Mazembe ilikuwa imefunga moja Nigeria, Heartland haikufunga Lubumbashi, kombe likaja kwetu.

Sasa geuza sheria. Peleka sheria ya 2009 mwaka 1967: Kotoko walifunga mawili kwetu, siye tulifunga moja kwao. Kombe linaenda Ghana. Lete sheria ya 1967 mwaka 2009: hakuna kombe siku ile Lubumbashi, sherti mechi ya tatu, na nani ajuaye ingekuwaje. Kadi za njano na nyekundu zilianza katika Kombe la Dunia la 1970. Tangu 1992 kipa hawezi tena kudaka kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Kazadi na Kidiaba walifanya kazi moja kwa sheria mbili. Anayetaka kuwapiganisha sherti aseme kwanza: tunacheza kwa sheria ya nani?

Na hapa tunafika kazini kwetu. Tukikaa mezani na mwajiri kuzungumza mshahara, mchezo ni uleule. Yeye anakuja na karatasi: "Mwaka 2003 mlikuwa mnapata nini? Angalieni leo!" Mwaka 2003 ndio mwaka Gécamines ilikuwa chini kabisa, hata tani 20 000 za shaba haikufikisha, na wafanyakazi zaidi ya 10 000 wakaanza kutolewa kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Ukianzia pale, hata mshahara wa njaa unaonekana umepanda. Muzee wetu naye anaanzia 1986, wakati Gécamines ilitoa tani zaidi ya 470 000, na hospitali, shule na mfuko wa unga vilikuwa vya kampuni. Ukianzia pale, kila kitu cha leo ni takataka, na kijana anayechimba leo anasikia kama baba yake anadharau jasho lake.

Hakuna anayesema uongo katika wote hao. Kila mmoja amechagua mechi zake na kuacha mechi ya Lomé. Ndiyo maana katika sendika tunaomba kitu kidogo mbele ya kuanza: miaka yote iwekwe mezani, mibaya na mizuri, na kipimo kiwe kimoja. Kwetu kipimo ni mfuko wa unga. Usituambie mshahara ni franga ngapi. Tuambie wakati ule ulinunua mifuko mingapi, leo unanunua mingapi, na ndani yake hesabu pia hospitali na shule, juu ya zamani havikutoka mfukoni mwa mfanyakazi. Mwajiri akikubali kipimo hicho, tunaweza kuzungumza. Akikataa, basi tunajua amekuja na filamu yenye mwisho wake tayari.

Kwa nyumbani, tunawaomba wazee na vijana wafanye vilevile. Baba, mwambie mtoto wako ulishuka chini kwa taa gani, kwa sheria gani, na nani alikulipia dawa. Mwana, mwambie baba unachimba kwa bei ya nani na nani anakupimia mzigo. Kisha leteni maharagi, mifuko miwili, mkachezeshe finali. Mkikosana, tunasimama na hesabu ya mwisho: 1,67 kwa 1,67. Chakula kikiiva, maharagi yarudi jikoni.