Sauti ya Brian May na Amplifaya Iliyopunguzwa

Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, anajulikana mno kwetu hata hakuna haja ya kumtambulisha. Lakini Mwingereza aliyesimama ubavuni pake jukwaani tangu bendi ya Queen ilipoundwa London mwaka 1970, yaani Brian May, sisi wa pwani humtaja kwa nadra, ilhali gitaa lake, kwa sauti nene yenye kuimba, ndilo lililokuwa likijibizana na Freddie katika kila onyesho. Wapenzi wa sauti ile, nami ni mmoja wao, hutamani kuifufua, na aghalabu hudhani kwamba siri yake ni wingi wa mitambo. Hakika ya mambo ni kinyume cha hayo: amplifaya ya kale ya May ilitengenezwa upya kwa kupunguzwa.

Gitaa lenyewe alianza kuliunda mwaka 1963 pamoja na baba yake, Harold, na shingo yake waliichonga katika ubao wa mahogani uliokuwa juu ya meko ya nyumba ya zamani. Nyuzi huzipiga kwa sarafu ya Kiingereza ya peni sita, ambayo ukingo wake wenye meno madogo huukwaruza uzi kabla ya kuuachia, hata kila noti ikazaliwa na mkwaruzo mwembamba mbele yake, mithili ya konsonanti inayoitangulia irabu.

Ama amplifaya, ni Vox AC30, ambayo kiwanda cha Jennings cha Dartford, huko Kent, kilianza kuitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1950, ikiwa na valvu nne za EL84 na spika mbili za inchi 12. Haina ule utaratibu, ulio katika amplifaya nyingine nyingi, wa kurudisha nyuma sehemu ya sauti ili kuzitia adabu valvu za mwisho. Kwa hiyo inapopandishwa huacha usafi wake kidogo kidogo, wala haikatiki ghafla ikaanza kukoroma.

Zile za kawaida zina njia tatu za kuingizia sauti: Normal, ya kutetemesha, na Brilliant. May hutumia Normal tu, ambamo sauti haipiti katika sakiti ya kurekebisha besi na trebo, na hufungulia hadi mwisho. Mafundi wake wakaona hapana haja ya kuzibakisha zile nyingine, wakaziondoa pamoja na valvu, rezista na kapasita zake. Kazi ya chuma cha lehemu hapa ni ya kutoa, si ya kutia, na taathira yake ni kubwa kuliko mtu atakavyotarajia: njia zote zilikuwa zikikutana mahali pamoja, kila moja ikipunguza nguvu za wenzake, na Normal ikibaki peke yake hupita na nguvu zaidi. Mwaka 2006 Vox wenyewe walitoa AC30 yenye jina la May, iliyojengwa juu ya njia hiyo moja.

Lakini amplifaya iliyofunguliwa mpaka mwisho huvimba besi ikawa tope. Dawa yake May aliipata kwa Rory Gallagher, mpiga gitaa wa Ireland: kisanduku kidogo cha Rangemaster, chenye transista moja ya jerimani, kinachoinua sauti za juu kuliko za chini kabla hazijazifikia valvu. Akitaka usafi, hashiki amplifaya. Hupunguza sauti kwenye gitaa lenyewe.

Anayeazimu kuifanyia hivyo AC30 kuukuu na aanze kwa kapasita za kuchujia umeme, ambazo huchakaa kwa umri, na asiguse kitu ndani kabla ya kuzimaliza umeme wake na kuupima, maana hubeba zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa, na kiasi hicho chaweza kuua.

Jukwaani, hasa katika wimbo wa Brighton Rock, May hucheza na mwangwi wa noti zake mwenyewe: sauti halisi hupita amplifaya moja, mwangwi wa kwanza nyingine, wa pili nyingine tena, ndipo gitaa moja likasikika kama matatu. Mwenye AC30 moja ataipata sauti yake kamili. Upana ule utamtaka mbili zaidi.