Chekeche iliyolika humpunja mkulima wa kahawa

Bei ya kahawa mnadani hutegemea ladha pamoja na daraja la ukubwa wa punje. Katika vinu vya kukoboa, kama vile vya Thika, punje za AA huzuiwa na chekeche yenye matundu ya takriban milimita 7. Za AB hupenya na kuzuiwa na matundu madogo zaidi. Bati likilika, matundu hupanuka, na punje za AA huangukia AB, ambayo kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini.

Maabara, mathalani ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa iliyoko Ruiru, inaweza kuhakiki majibu ya kinu iwapo tu matundu ya chekeche zote mbili yamepimwa, na sampuli za uzito mmoja zikatikiswa kwa muda uleule.